Waya wa Dhahabu

Waya wa maabara ulikuwa umepotea, kwa hiyo Mwalimu Mwanaidi alivua hereni yake moja ya dhahabu akainyoosha kwa koleo. Hereni hizo alizirithi kwa mama yake. Mwezi uliopita mdogo wake, Rukia, alizipeleka kwa sonara zing'arishwe.

"Kabla ya kupima chumvi kwa rangi ya moto, tunasafisha waya," aliwaambia wanafunzi. "Tunauchovya kwenye asidi, tunauchoma, mpaka moto usibadilike rangi. Dhahabu safi haibadilishi moto."

Moto ukawa kijani.

"Bado mchafu, Mwalimu," alisema Chande kutoka nyuma.

Mwalimu akauchovya tena. Mara ya pili, mara ya tatu, kijani kilekile. Darasa likaanza kucheka.

"Kijani si shaba, Mwalimu? Ulitufundisha jana," alisema mwanafunzi mwingine.

"Ni shaba."

Akakumbuka maneno ya Rukia siku aliyozirudisha: "Usizivae kazini, dada. Kule kwenu kuna asidi." Siku ile alimshukuru kwa kumjali.

"Sasa tuandike nini?" Chande aliuliza.

"Andikeni mlichokiona."

Akapeleka mkono kwenye sikio la pili, akavua hereni iliyobaki, akaanza kuinyoosha taratibu.