Jasho la Mtungi

Saumu alikuwa katika wiki ya nne tangu aolewe, na mama mkwe wake, Bi Hidaya, bado alimwita mgeni. Kila alipoinua ufagio alipokonywa. "Kaa, mgeni. Pumzika."

Kwa hiyo Bi Hidaya alipokwenda msibani asubuhi ile, Saumu alifurahi kujipatia kazi. Mtungi wa maji kando ya mlango ulikuwa umelowa nje, hata mchanga chini yake. Kwao walitumia ndoo za plastiki, akadhani unavuja. Akachukua rangi ya mafuta iliyobaki walipopaka milango, akaupaka wote kijani.

Bi Hidaya alirudi mchana na kiu yake. Akachota kwa kata, akanywa, akasita. Maji yalikuwa vuguvugu.

"Ulikuwa unavuja, mama," Saumu alisema.

"Ulikuwa unatoka jasho. Maji hupenya udongo kidogo kidogo, upepo ukayapiga, ndipo ya ndani yakapoa." Akaupapasa. "Mama yangu aliufinyanga nilipoolewa."

Saumu akainamisha kichwa, akingoja kurudishwa kwao. Bi Hidaya aliingia ndani, akatoka na vigae viwili vya chungu kilichovunjika, akaketi mchangani, akampa kimoja.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Shika jembe lako."

Wakakwangua rangi hadi alasiri. Udongo ulipoanza kuonekana, Bi Hidaya aliushika mkono wa Saumu, akauweka hapo chini ya wake. Palikuwa bado pakavu. Hakuna aliyeondoa mkono.