Karibuni

Kwetu, kama katika kila nyumba mtaani, skrini haimfungukii mtoto wa chini ya miaka kumi na mitatu mpaka mzazi aketi kando yake na kuweka kiganja kwenye kioo. Mzazi akiinuka, inazimika. Ikifunguka hutusalimu sote wawili: "Karibuni."

Mwanzoni nilinung'unika. Unga ningekanda saa ngapi? Nikajifunza kukandia mkekani, sinia mapajani, na kioo chetu kikawa na alama za unga siku zote.

Miaka minane mimi na binti yangu Rukia tumetazama pamoja sungura wa katuni, nyangumi, na watu wa Mirihi wakimwagilia mchicha. Akiogopa, aliniuliza palepale. Mara nyingine tulizima tukapiga soga mpaka chapati zikaungua. Mwanangu simjui kwa kubahatisha, namjua kwa kuketi naye. Kwa hilo nashukuru, tena kwa moyo mweupe.

Leo ametimiza kumi na mitatu. Alasiri nilinawa mikono, nikatandika mkeka, nikanyoosha kiganja. Rukia akawahi kugusa kioo.

"Karibu," skrini ikasema.

Tulitazamana. Hata yeye alilisikia lile "ni" lililokosekana.

"Pumzika sasa, mama," akasema kwa upole. "Umeketi vya kutosha."

Akanisogezea mto niegemee, maana ana adabu mtoto huyu. Nikamwambia ahsante. Kiganja changu kilikuwa bado hewani, safi, nami sikujua nikiweke wapi.