Antena ya Gari la Afisa

Tomaso alipiga magoti kando ya Peugeot ya zamani ya afisa, hapo Bomani. Gurudumu la mbele alikuwa amelitoa ili apate nafasi ya kufunga antena ya redio inayojiinua kwa umeme.

"Jaribu sasa, fundi," afisa alisema, akimwekea kikombe cha chai karibu na mkono.

Antena ikapanda yenyewe ikiunguruma. Afisa akacheka. "Lo, kama mkia wa ngiri! Kesho nitasikiliza habari hukohuko Busawe."

"Si mlisema wiki ijayo, ndugu afisa?"

"Imesogezwa. Kesho asubuhi tunabomoa nyumba zilizobaki, watu wahamie kijiji kipya. Gari la kuwapeleka mgambo ni hili tu."

"Kule kuna mama mgonjwa, hawezi hata kusimama."

"Kila mtu ana mgonjwa, fundi. Mimi nina amri. Kunywa chai, itapoa."

Mama huyo alikuwa mama mkwe wa Tomaso. Mila haikumruhusu kuingia chumbani kwake, sembuse kumbeba mgongoni. Mkewe na dada zake, binti za mama huyo, ndio wangembeba, nao walikuwa njiani kwa miguu. Wangefika kesho jioni.

Mbele ya macho yake, nyuma ya waya za antena, ulipita mpira wa kupitishia mafuta ya breki, mwembamba na laini kama kidole cha mtoto.

Akaushika. Akachukua kisu.

Mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Ndugu afisa," akaita, bila kuinua uso, "usiliwashe gari hili. Nimekata breki."