Nyama ya Jumanne

Mjumbe wa tatu alipojiziba mdomo kwa leso, Marlys Dvorak alijua kwamba mwanafunzi wake ameshinda.

Tessa Lindholm hakupaza sauti. Bodi ya shule ilikuwa imeomba maoni kuhusu jiko la shule, naye akasimama akaieleza nyama ya Jumanne: ya kijivu, inayotoka jasho, yenye mafuta yanayoganda ulimini kama nta. "Ukiikata," alisema polepole, "inanuka mbwa aliyelowa." Akanyamaza kidogo, kama alivyofundishwa, ili harufu iwafikie.

Hata Marlys mate yalimjaa mdomoni, yale ya kichefuchefu. Alifundisha darasa la juu la ufasaha na uandishi katika mji ule mdogo wa Indiana, na chakula chake alikibeba kutoka nyumbani. Mwezi mzima alikuwa akiwafunza vijana kuamsha hisia za wasikilizaji. Zamu hii ilikuwa ya kinyaa. Mara kadhaa alikuwa amemkuta Tessa kantini, sahani mbele yake.

"Unakula tena takataka hizo?"

"Si ulisema tuandike tunachokijua, Mwalimu?"

Sasa mwenyekiti aliisukuma mbali sahani yake ya biskuti. "Basi, binti, basi! Utanitapisha." Mikono ikainuka, yote. Jiko lifungwe, watoto waletewe chakula cha pakiti.

Nyuma ya ukumbi mpishi, Verna Stookey, alisimama. "Nimekulisha tangu ukiwa mdogo," alimwambia Tessa. "Wewe na kaka zako."

Tessa aliinamisha macho. Verna akachukua koti lake na kutoka. Watu walimpisha njia kama wanaogopa kuguswa naye.

"Mwanamke mchafu yule," mzazi mmoja alinong'ona. Marlys akatikisa kichwa kukubali. Alitamani kwenda kunawa mikono.

Huko nje, kwenye maegesho, alimkumbatia mwanafunzi wake. "Alama zote ni zako. Ila pole, mwanangu. Sikujua mmeteseka kiasi hiki."

"Kuteseka?" Tessa alimtazama kwa mshangao. "Nyama ya Bi Verna ni tamu, Mwalimu. Mimi huomba niongezwe. Wewe ulisema tuwatie watu kinyaa. Hukusema lazima iwe kweli."