Kijiti cha Bi Sikudhani

Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Mjini jua liliwaka. Bi Sikudhani alishuka kwenye bustani ya mtoni na binti yake Raya, akachomeka kijiti ukingoni mwa maji, kama walivyofanya watu wa mtoni zamani. Maji yakikipita kijiti, unabeba watoto unakimbia.

Maji yakakipita.

"Raya, twende."

"Subiri kidogo, mama. Bustani hii imechimbwa chini makusudi. Mto ukijaa, unaingia humu badala ya majumbani."

Bi Sikudhani alikichomoa kijiti, wakapanda ngazi hadi juu ya ukuta unaoizunguka bustani. Watu walikuwa wamekaa pale wanakula mahindi ya kuchoma, hakuna aliyekimbia. Mto uliingia taratibu. Ukafunika nyasi, ukafunika mabenchi, ukatanda kwenye uwanja wa mpira mpaka ikabaki milingoti ya magoli tu. Halafu ukatulia, mpana kama ziwa, na mbingu nzima ndani yake.

Maisha yake yote hakuwahi kuutazama mto uliofurika. Alikuwa akiupa mgongo.

Nyuma ya ukuta, kwenye nyumba ya Raya ambayo Bi Sikudhani alikuwa akikataa kuhamia, nguo zilikuwa kambani zinakauka.

"Hicho chumba mlichoniwekea," aliuliza bila kugeuka, "dirisha lake linatazama wapi?"

"Huku mtoni, mama. Tunaweza kukubadilishia."

"Kiacheni."

Akakitupa kijiti majini. Kilielea polepole, kikapita katikati ya goli, kikaendelea kwenda.