Asubuhi ya Kumi Ukumbini

Kitambaa kilikamuliwa gizani, maji yakadondoka ndooni, kisha kimya. Mzee Kuramochi alikuwa ameshaamka. Kwake giza lilikuwa lile lile, alfajiri au adhuhuri. Macho yake yalizima miaka minne iliyopita. Masikio ndiyo yaliyomwambia kwamba Kiyono, mke wa mwanawe, anafuta sakafu ya ukumbi kabla wanafunzi hawajaingia.

Ilikuwa siku ya kumi ya mazoezi ya upanga ya majira ya baridi, na ya mwisho. Mwaka mzima uliopita alikuwa kitandani. Jumatatu angepelekwa hospitali ya mjini, na daktari hakutaja habari ya kurudi.

"Suzu," alimwita mjukuu wake wa miaka mitano. "Nipe mkono. Hati unayo?"

"Ninayo, Babu."

"Ukiidondosha nakutupa kwenye theluji."

"Hunitupi. Unasemaga tu."

Alitaka kucheka, maumivu ya tumbo yakamkatiza.

Hati hiyo, karatasi ndefu iliyoviringishwa kwenye kijiti, ilikuwa imepita mikono kumi na minne. Mwalimu humkabidhi mwanafunzi aliye bora, ana kwa ana, mbele ya wenzake, katikati ya mazoezi damu ingali moto. Haiachwi kabatini, haitumwi kwa posta. Isipopokelewa leo, shule ya upanga ya Kuramochi ingezikwa pamoja naye. Mwanawe Teruo alishaikataa. Alikuwa Osaka akiuza majokofu. Aliyebaki ni Sakuma, mwanafunzi wake wa siku nyingi.

Mlangoni Kiyono alimshika kiwiko.

"Baba, baridi leo inauma. Kwa nini usipumzike? Niachie mimi hiyo hati, nitamfikishia Sakuma."

"Wewe? Tangu lini hati hii ikashikwa na mikono inayonuka supu ya maharage?"

Kiyono aliufungua mlango. Miaka tisa alikuwa akiifuta sakafu ile kila alfajiri, na mzee hakuwahi kumruhusu kuikanyaga kwa kazi nyingine.

"Ulimpigia Sakuma simu?"

"Nilipiga, Baba."

"Kasemaje?"

Kiyono alimvusha kizingiti. "Watakuwepo wote. Kama jana."

Wakamketisha kwenye nafasi yake ya juu, Suzu amepiga magoti pembeni yake, mdomo kaufunga. Mtoto hasemi ukumbini. Hata mkubwa hasemi. Mwalimu akikaripia, mwanafunzi huongeza bidii tu, na mazoezi yakiisha mwalimu hutoka wa kwanza, bila kuagana na mtu.

Mara sauti ishirini za kiume zikapaa pamoja. "Tufundishe, Mwalimu!"

Kifua cha mzee kikajaa. Panga za mbao zikaanza kukata hewa, na hesabu ikaanza. Moja! Mbili! Tatu!

"Kanyageni!" alifoka. "Zamani mbao hizi zilinitikisa meno. Siku hizi mnakanyaga kama mama wajawazito!"

Sakafu ikatetemeka zaidi kidogo.

Baridi nayo haikulegea. Enzi zake, kufikia pigo la mia, jasho la watu lilipasha ukumbi joto hadi barafu ya madirishani ikadondoka. Sasa walifika mia na hamsini, na pua yake haikunusa jasho la mtu. Vijana wa leo, aliwaza, wanakuja kupiga kelele tu.

Walipokaribia mia mbili mtu akakohoa, kikohozi kikavu, mara tatu.

"Sakuma! Kikohozi hicho tangu mwaka juzi! Mkeo hakuchemshii tangawizi?"

Hakuna aliyecheka. Aliwafundisha vizuri.

Mia mbili! Akanyoosha kiganja, Suzu akaiweka hati juu yake. Mzee akainuka kwa kushikilia bega la mtoto.

"Basi!"

Mia mbili na moja! Mia mbili na mbili!

"Nimesema basi! Sakuma, njoo mbele!"

Mia mbili na tano! Mia mbili na sita!

Katika ukumbi ule hakuna aliyewahi kuongeza pigo hata moja baada ya neno hilo. Mzee alisimama mkono wazi, hati juu yake, na damu ikampanda masikioni. Kumbe ndivyo. Walingoja siku yake ya mwisho. Akamkumbuka Sakuma wa miaka kumi na saba, alipomvunja kidole mbele ya baba yake kwa sababu ya kupiga chafya. Akawakumbuka wengine, mmoja mmoja, na alichomfanyia kila mmoja. Hakuwahi kumwomba radhi hata mmoja wao.

"Sakuma," alisema, sauti imeshuka. "Nichukie mimi. Shule haina kosa."

Mia mbili na kumi na tatu!

Basi akafanya jambo ambalo hakuna mwalimu wa Kuramochi aliyelifanya. Akapiga magoti, akaiweka hati mbele yake, akainama mbele ya wanafunzi wake mpaka paji la uso likagusa mbao.

"Nisameheni," alisema. "Mmoja wenu tu aje aichukue. Nawaomba."

Chini ya paji lake sakafu ilikuwa imetulia tuli, haitetemeki hata kidogo. Mahali fulani karibu na mlango mwanamke alikuwa analia kwa kujizuia. Lakini zile sauti ishirini ziliendelea kuhesabu juu ya kichwa chake, kwa nguvu zile zile, bila huruma.

Kiganja kidogo kikamgusa mgongoni.

"Babu, inuka, humu hamna watu, ni mama na kaseti tu," Suzu alisema.