Mguu wa Mwisho

Mchoraji alikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi, kiuno kinamuuma, hana hamu hata ya kuongea. Ukutani mwa kanisa, Yesu alikuwa amepiga magoti na beseni lake, na wanafunzi wote walikuwa na miguu safi isipokuwa Yuda. Mguu wa Yuda, mchoraji ndiyo kwanza alikuwa ameupaka rangi ya matope.

Mama yake, aliyekuwa akipiga deki pale chini, akasimama.

"Kwani Yuda hakuoshwa?"

"Wangu hataoshwa, mama."

Mama akasogea. Kisigino kilikuwa kimepasuka, na kidole cha mwisho hakipo.

"Ee! Huu si mguu wa kaka yako?"

"Tangu anichongee kwa polisi, mimi sina kaka."

"Na hicho kidole ulikikata wewe, kwa jembe, mkicheza. Akaniambia kajikata mwenyewe, ili usipigwe."

Mama akarudi kwenye deki lake.

Baadaye mchoraji akashuka, taratibu kama mzee, akachovya kitambaa kwenye ndoo ya mama, akapanda tena. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Akaanza na kisigino.